Sahani Iliyorudi Tupu

Hii ni wiki ya tatu tangu nirudi nyumbani Tororo na cheti changu cha ualimu, na ni wiki ya tatu sijapata usingizi wa kueleweka. Watu wanaona macho yangu mekundu wanadhani nangoja barua ya kupangiwa shule. Laiti ingekuwa barua. Swali lililonikosesha usingizi mpaka jana ni moja tu: je, nimwambie mama kwamba mimi ndiye niliyemtenga na Mama Athieno, rafiki yake, au niendelee kunyamaza kama nilivyonyamaza tangu nikiwa na miaka minane?

Nililipima kila upande. Nikisema, nitamtonesha mama kidonda ambacho labda kimeshapona. Nisiposema, nitaendelea kuwaona wanawake wawili wakipishana mbele ya baraza yetu kila siku ya soko, wakiulizana hali kama watu waliokutana juzi. Siku moja nilichukua karatasi nikaandika sababu za kusema upande mmoja na sababu za kunyamaza upande wa pili, kisha nikaichoma, kwa kuogopa mdogo wangu Swalehe asije akaisoma. Ndivyo nilivyo. Hata chumvi naitia kwenye mchuzi baada ya mashauri.

Ninyi mliokulia huku mpakani mnaijua baridi yetu. Ni baridi ya mvua. Ukungu unashuka alfajiri na kuufunika mwamba wa Tororo wote, hata mgeni anaweza kuapa kwamba hapa hakuna mwamba. Kuta za udongo zinatoa jasho, na kuni zinalia badala ya kuwaka. Wakati wa vita vikuu vya pili, siku kama hizo zilikuwa ndefu zaidi, maana baba alikuwa safarini na lori la pamba, sukari ilikuwa ya kupimiwa, na mafuta ya taa hayakupatikana mpaka ubembeleze.

Dawa ya mama kwa siku hizo ilikuwa kashata za simsim, ambayo watu wa pwani wanaiita ufuta. Kwa kuwa sukari nyeupe hakuna, alitumia sukari guru, ile inayouzwa kwa mabonge meusi. Kwanza alikaanga simsim katika sufuria kavu mpaka ikaanza kuruka na kudata kama mvua ya kwanza juu ya bati. Kisha akayeyusha sukari guru kwa maji kidogo, akapondea tangawizi na iliki, akawa anainua mwiko na kutazama uzi unaoteremka. Uzi ukikatika, bado. Uzi ukinyooka hadi chini, tayari. Hapo alimwaga simsim, akakoroga mara tatu nne kwa nguvu za mtu anayegombana, akaumwaga mchanganyiko wote juu ya ubao uliopakwa samli, akausawazisha kwa chupa, akakata mishazari kabla haujapoa. Vipande vyake vilikuwa na pembe kali kiasi cha kukuchoma kaakaa. Kwangu mimi kitamu cha simsim kilikuwa hicho tu: chembamba, kigumu, chenye pembe nne.

Hatukula peke yetu. Kashata zikishapoa mama alizipanga kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, akafunika kitambaa, na mimi nikatumwa. Sahani ilikwenda kwa mke wa Mhindi mwenye duka, ilikwenda kwa fundi wa viatu, na zaidi ya kote ilikwenda kwa Mama Athieno. Na popote ilipokwenda ilirudi na kitu. Hilo halikuwa jambo la kufundishwa, tulizaliwa tukalikuta. Sahani ya mtu hairudi tupu. Kama huna kitu unaweka limau, unaweka fungu la mchaichai, unaweka hata chumvi ya kukunja ndani ya jani. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mwenzako kwamba basi, tumefikia mwisho.

Mama Athieno alikuwa mtu wa Padhola, amezaliwa Mwello, ameolewa upande wa Rubongi, ng'ambo ya bonde la mafunjo. Mumewe alikuwa amefariki. Alikuwa Mkristo, mwenye msalaba mdogo wa mti shingoni, na siku za soko alileta simsim kwa kikapu kichwani. Kituo chake cha kupumzikia kilikuwa baraza yetu.

"Mama Zaituni," alikuwa akiita tangu barabarani, "leo mvua nataka kutuua!"

"Karibu, dada. Tua kikapu." Mama anachota simsim kiganjani, anaipuliza. "Simsim yako ina mchanga."

"Mchanga ni ya bure. Sijakuuzia mchanga."

Na hapo wanacheka mpaka chai inamwagika. Mimi nilipenda kumsikiliza Mama Athieno kwa sababu Kiswahili chake kilikwenda njia ya mkato, na kilifika.

Basi mama akapata ujauzito wa Swalehe, na Shangazi Mwanaidi, dada yake baba, akaja kutoka Busia kumlea mzazi. Shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke msafi, mchapakazi, mwenye maneno yaliyonyooka kama sindano. Siku ya kwanza tu alipoona sahani inatoka, alimuuliza mama:

"Wifi, ninyi huku mnapelekeana vyakula na kila mtu? Nyumba ile nyama yake nani anachinja?"

"Sahani yangu haipeleki nyama, wala hairudi na nyama," mama akajibu. "Utamu hauchinjwi, wifi."

"Mimi nakukumbusha tu. Chakula cha nyumba ile mtoto asikile."

Laiti ningeshika jibu la mama. Nilishika la Shangazi. Chuoni mwalimu wetu wa Kurani alikuwa ametufundisha habari za halali na haramu wiki ileile, nami nilikuwa mtoto wa kulichukua neno, kulala nalo na kuamka limezaa mengine. Nikafikiri: kama chakula cha kule si halali, na mama akikila, maziwa yake yatakuwaje? Na mtoto akiyanyonya? Na mimi niliyeibeba sahani, nitaulizwa nini siku ya hesabu?

Swalehe akazaliwa katika wiki ya mvua isiyokatika. Mama akaingia arobaini, yaani siku zile ambazo mzazi hatoki nje ya nyumba. Alilala na makaa chini ya kitanda na bado akatetemeka. Maziwa yalitoka kwa shida. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba kama mlango mbovu, na Shangazi akampa mama uji juu ya uji.

Kabla ya kujifungua mama alikuwa ameweka akiba ya kashata katika mkebe. Asubuhi moja, ukungu umekaa mlangoni kabisa, aliniita.

"Zaituni, panga sahani, mpelekee Mama Athieno. Naye ana baridi huko. Mwambie nimepata mtoto wa kiume, nimo ndani."

Nikavuka bonde juu ya yale magogo yaliyolazwa kuwa daraja. Mama Athieno aliposikia habari alipiga kigelegele hadi kuku wakatawanyika.

"Mtoto ya kiume! Na mama yako? Maziwa nakuja?"

"Kidogo sana. Mtoto analia."

Akaitazama ile sahani ya kashata, akahamishia kashata kwenye ungo wake bila kuonja hata moja. Kisha akaingia jikoni, akapanda juu ya kigoda na kuteremsha chungu kidogo kutoka darini. "Wewe kaa nje na Athieno," akaniambia. Athieno alikuwa bintiye, rika langu. Tukacheza kete kwa mbegu huku nikisikia kinu kinapigwa taratibu, na moshi unatoka chini ya paa la nyasi. Baada ya muda mrefu Mama Athieno alitoka na sahani yetu imefunikwa jani la mgomba lililopitishwa motoni, limefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Sema kwa mama: hii akule yote, yeye peke yake. Si ya wageni, si ya wewe. Na usifungue njia."

Ninyi mnaosoma mmeshaona mambo yalivyokuwa. Mimi niliona mengine. Kwa nini mama peke yake? Kwa nini nisifungue? Katikati ya bonde, juu ya magogo, nilichuchumaa nikafungua.

Ndani kulikuwa na vidonge kumi, mviringo, vyeusi-vyeusi, vinang'aa, kila kimoja kama ndimu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho ila wakati mmoja tu wa mwaka, mwezi wa Ramadhani, Shangazi alipokaanga kababu za nyama ya kusaga. Rangi ni hiyo, umbo ni hilo, hata mng'ao wa mafuta ni uleule. Harufu, nakiri, ilikuwa ya asali. Lakini kichwa changu kilikuwa na jibu la kila kitu. Nikasema: bila shaka, wameificha nyama ndani ya asali ili mama asitambue.

Nikavitupa. Kimoja kimoja, ndani ya maji meusi baina ya mafunjo, kila kimoja kwa astaghfirullahi yake. Vilizama polepole. Vilipokwisha nikaiosha sahani, nikaifunika tena kitambaa chake, nikajiosha na vidole bila kulamba, nikatembea kurudi nyumbani nikijiona mtu aliyeokoa nyumba nzima. Nilifikiri hata kwamba malaika wa bega la kulia, anayeandika mema, alikuwa ameishiwa na wino.

Mama alijiinua kitandani, akafunua kitambaa. Sahani ilikuwa tupu, yenye matone ya maji.

"Amesema nini?" akauliza.

Nilikuwa sijatayarisha sehemu hii. "Hakusema kitu."

"Hakusema kitu kabisa?"

"Kabisa."

Shangazi alikuwa anapepea makaa. "Angalau ameiosha," akasema.

"Labda hana kitu," mama akasema taratibu. "Ni vita."

"Hata mchaichai? Hata chumvi? Wifi, mtu akikurudishia sahani mkono mtupu amekwambia. Unataka akupigie na tarumbeta?"

Mama aliugeukia ule ukuta unaotoa jasho, mtoto kifuani, akajifunika kanga hadi kichwani. Nilisimama pale nikingoja furaha yangu irudi, ile niliyotembea nayo kutoka bondeni. Haikurudi.

Siku ya soko iliyofuata Mama Athieno alifika barazani kama kawaida. Shangazi akamwambia mzazi amelala, akaingia ndani, hakumwambia karibu. Mama Athieno alibaki amesimama, kikapu kichwani. Akanitazama mimi.

"Mama nasema nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nilijua anauliza habari ya vile vidonge. Nilijua pia kwamba nikianza kueleza, nitaeleza mpaka bondeni. "Hasemi kitu," nikajibu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alikaa na neno hilo kama mtu aliyepewa kitu kizito asichojua pa kukiweka. Kisha akavuka barabara, akaenda kuuza simsim yake chini ya ukingo wa bati la duka la Mhindi, mahali ambapo mvua inamrukia mtu miguuni. Tangu siku hiyo akawa anakaa pale. Arobaini ya mama ilipokwisha na akaweza kutoka, ukimya ulikuwa umeshakauka kama sukari guru kwenye sufuria. Hata ukikwangua, unaharibu sufuria. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyekata. Wote wawili walikuwa wameambiwa hivyo na mtoto mmoja.

Swalehe, kwa habari zenu, alikua. Ana miguu mirefu na anacheza mpira pembeni ya reli. Lakini mama hakupeleka tena sahani ng'ambo ya bonde, na kashata alizipika mara chache, kwa pembe zilezile na bila maneno.

Mimi nilibaki na dhambi yenye upande wa kheri. Nilijiambia: ndiyo, nilisema uongo, lakini nilimzuia mama asile haramu. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilinitosha. Iliniharibikia muhula wa mwisho wa chuo cha ualimu, asubuhi ya baridi kali, tukiwa tumejifunika mablanketi juu ya sare. Msichana aliyelala kitanda cha jirani, Akello wa Petta, naye mtu wa Padhola, alikuwa amepokea mkebe kutoka nyumbani kwao. Akaufungua, akanisogezea.

"Chukua, upate joto."

Nilitazama ndani. Mviringo, vyeusi-vyeusi, vinang'aa.

"Hii ni nyama gani?" nikamuuliza.

"Nyama?" Akello akageukia bweni zima. "Jamani, njooni mmsikie mtu wa Tororo! Simsim na asali anaita nyama!"

Nikachukua kimoja, nikakiweka kinywani. Kilikuwa laini, tofauti kabisa na kashata za mama. Simsim ilikuwa imetwangwa nusu, asali imeingia kila mahali, na joto lake lilishuka hadi tumboni na kukaa huko. Akello akaendelea kueleza huku anacheka: kwao mwanamke akijifungua wakati wa baridi na maziwa yakawa machache, hicho ndicho anachopikiwa. Anapikiwa yeye tu, watoto wanafukuzwa. Wenzangu walicheka mpaka kengele ikalia. Mimi nilimeza kile kidonge na chozi kwa pamoja, na tangu siku hiyo usingizi wangu ukaingia doa.

Sasa mnaelewa kwa nini karatasi yangu ilijaa pande zote mbili. Niliogopa pia kumpakazia lawama Shangazi ambaye hawezi tena kujitetea. Niliogopa kwamba mwalimu mtarajiwa, anayekwenda kuwafundisha watoto ukweli, aanze kazi kwa kutangazwa mwongo mtaani kwao. Niliwaza nimwambie nani kwanza. Niliwaza niandike barua. Niliwaza nisubiri mvua iishe.

Jana ilikuwa siku ya soko, ukungu umetanda. Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai nilipomwona Mama Athieno anapita na kikapu chake. Ameanza kupinda mgongo. Alifika usawa wa baraza, akasema "Hamjambo" kwa hewa, mama akajibu "Hatujambo" kutoka ndani bila kuinua macho kutoka kwenye mchele anaoupeta. Nikaona kwamba mimi nitaandikiwa barua nitaondoka, na hawa wataendelea hivi hadi mmoja azikwe. Kikombe nikakiweka chini. Nikaingia barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ee, nasikia wewe ni mwalimu sasa."

"Nipe kikapu."

"Unataka simsim ya ngapi?"

"Nataka uje kwetu."

"Kwenu mimi nafanya nini?" akasema, na uso wake ukafunga. Lakini kikapu nilikuwa nimeshakitwaa, nami nakwenda nacho, na mtu hawezi kuiacha mali yake ikatembea peke yake. Akanifuata hadi ndani, analalamika kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao.

Mama akasimama na ungo mkononi. "Zaituni, ni nini hiki?"

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeitunga wiki tatu, ina mwanzo, kati na mwisho. Yote ikanitoka, nikaanzia mwisho. "Mama, sahani haikurudi tupu. Aliweka simsim na asali kwa ajili ya maziwa yako. Mimi nilizitupa bondeni. Nilidhani ni nyama." Nikamgeukia mwenzake. "Na wewe nilikudanganya. Mama hakuziona. Hakujua hata kama zilikuwapo."

"Nyama?" akasema Mama Athieno.

"Kababu," nikasema. "Zilikuwa mviringo."

"Nyama! Wakati ya vita! Mimi, mjane?" Akapiga kiganja juu ya paja. "Nyama nilikuwa natoa wapi? Krismasi ile mimi mwenyewe nilikula kunde!"

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua. "Zilikuwa ngapi?" akaniuliza.

"Kumi."

"Hukuonja hata moja?"

"Hata moja."

"Mtoto mjinga," akasema Mama Athieno, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Akamtazama mama kwa mara ya kwanza. "Asali ile ilikuwa ya mizinga ya Baba Athieno. Ya mwisho. Alikuwa amekufa, mizinga imekauka, nilikuwa nimeficha chungu hiyo moja tu. Nilifikiri umedharau."

"Mimi nilifikiri umenikata," mama akasema. "Nilikuwa ndani, sikuweza kutoka nije kuuliza. Halafu nikaweza kutoka, nikaona haya."

Akaweka ungo chini, akamkaribia, akamshika mikono yote miwili, ile mikono yenye vumbi la simsim.

"Ahsante kwa asali, dada," akasema.

Mama Athieno aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya mlango, kikapu bado mikononi, nikijiandaa kuomba msamaha vizuri, kwa mpangilio.

"Zaituni," mama akasema bila kugeuka, "tua hicho kikapu, utoke. Unatuzibia mwanga."

"Na ufunge mlango," akaongeza Mama Athieno. "Baridi naingia."

Nikatua kikapu, nikatoka, nikaufunga mlango nyuma yangu. Kwa ndani nikasikia kigoda kinavutwa karibu na moto.